KABLA YA KUNUNUA BUNDUKI, TUIULIZE KALENGA



Ukiteremka kutoka Mafinga kwenda Madibira, ukaendelea hadi Rujewa, utakutana na watu wenye sababu nzuri za kuzungumzia bunduki. Mkulima wa mpunga anasumbuliwa na nguruwe pori na viboko. Mjini nako, mfanyabiashara anayelala na mauzo ya siku chini ya godoro anauliza swali lile lile: ninunue bunduki gani? Mmoja humshauri bunduki ya marisau yenye mitutu miwili. Mwingine humshauri ile inayokokiwa kwa kuvuta mkono wa mbele, ambayo wengi huiita pampu.

Swali hilo si geni katika Nyanda za Juu Kusini. Wazee wetu waliwahi kulijibu, na jibu lao liliwagharimu sana.

Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza kisiwani Unguja alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipita hapo kila mwaka kuingia bara. Baadhi zilikuwa za kushindilia baruti mdomoni, yaani gobore. Miaka miwili baadaye, mwaka 1890, mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Mkataba huo ulizuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mlango wazi kwa silaha za kizamani. Hivyo basi, gobore halikuwa chaguo letu peke yetu. Tulichaguliwa na wale waliojiwekea zilizo bora.

Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wajerumani likiongozwa na Emil von Zelewski lilikuwa likipita Lugalo, karibu na Iringa. Inasimuliwa kuwa ofisa mmoja alimfyatulia ndege risasi, na Wahehe waliojificha vichakani wakaudhani mlio ule kuwa ndiyo ishara yao. Wengi wao walikuwa na mikuki na ngao tu. Kwa muda mfupi Zelewski na sehemu kubwa ya jeshi lake walikuwa wameuawa. Askari wenye bunduki za kisasa hawakuwahi kufyatua zaidi ya risasi moja au mbili.

Mkwawa aliteka bunduki zipatazo 300, mizinga na risasi. Kwa hesabu ya karatasi, sasa alikuwa na nguvu kuliko mtawala yeyote wa jirani. Lakini tarehe 30 Oktoba 1894 ngome yake ya Kalenga, yenye ukuta imara, ilianguka. Wajerumani walikuta ndani shehena ya baruti na silaha. Yaani, ndugu wasikilizaji, ngome haikuanguka kwa kukosa bunduki.

Tusiwalaumu Wahehe. Walikuwa hodari wa mkuki, na mkuki ndio uliowashindia Lugalo. Bunduki ya kisasa ilidai mambo mengine: mazoezi ya mara kwa mara, risasi za aina yake mahsusi, na mtu wa kuitengeneza inapokwama. Hayo hayatekwi vitani. Mkwawa alipigana msituni miaka mingine karibu minne, hadi tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi ili asikamatwe.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, yaani 1897, huko Marekani kampuni ya Winchester ilitoa bunduki ya marisau ya pampu iliyobuniwa na John Browning. Wanajeshi wa Marekani waliibeba katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, na vizazi vyake ndivyo vinavyopangwa madukani leo. Sifa yake inajulikana: inabeba risasi kadhaa, wakati ya mitutu miwili inabeba mbili tu. Upungufu wake nao usifichwe. Katika taharuki, mtu asiyeizoea huvuta mkono nusu na bunduki ikakwama. Ile ya mitutu miwili haina mengi ya kukwama, na ukiikunja unaona mara moja kama ina risasi au haina. Kwa kanga na bata wa mbugani, mitutu miwili inatosha. Na zote mbili, marisau yake hupoteza nguvu haraka kadiri umbali unavyozidi mita 40.

Gobore, kwa upande wake, limedumu vijijini kwa sababu moja kubwa: mwenyewe anaweza kulilisha. Mhunzi hulitengeneza, na vipande vya chuma huwa marisau. Lakini ni risasi moja tu, kisha kazi ya kushindilia upya, na likizidishiwa baruti linaweza kumpasukia mwenyewe usoni. Si ajabu kwamba katika Operesheni Uhai ya mwaka 1989 serikali iliwasaka wawindaji haramu pamoja na silaha zao.

Tangu mwaka 2015 tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Inamtaka kila anayemiliki bunduki awe na leseni. Wapo wanaonung'unika kuwa utaratibu ni mrefu. Mimi nasema maswali ya ofisa wa polisi ni machache kuliko yale ambayo mtu anapaswa kujiuliza mwenyewe. Risasi nitazipata wapi? Nitafanya mazoezi lini? Nyumbani nani ataona ufunguo wa kabati? Usiku wa manane, nikisikia mlango, nitajuaje kuwa si kijana wangu anayerudi kwa kunyata?

Hilo la mwisho ndilo zito. Marisau hayachagui, na mlango wa mbao hauyazuii. Mwizi huja mara moja katika miaka mingi, lakini watoto wamo nyumbani kila siku.

Basi anayekwenda dukani aende na leseni yake, achague mitutu miwili au pampu. Ila kwanza akumbuke shehena ile ya Kalenga, iliyokaa ndani ya ukuta imara na isiwafae wenyewe.

Hadi juma lijalo, kwaherini.