Kupigwa kwa makusudi: ekipe za basketi za Marekani na tombola ya drafti

Mwaka wa 2021 Jonathan Kuminga, mtoto aliyezaliwa Goma, alichaguliwa wa 7 katika drafti ya NBA, akaingia Golden State Warriors. Tulishangilia, lakini wachache waliuliza ile namba 7 ilitoka wapi. Ilikuwa ya Minnesota, ekipe iliyopigwa mechi 49 kati ya 72 msimu ule, ambayo tangu 2020 ilikuwa imekwisha kuahidi nafasi hiyo kwa Warriors katika kubadilishana wachezaji. Kule, kupigwa ni mali, na mali huuzwa.

Ndugu msikilizaji aliyezoea futiboli atashangaa. Katika futiboli, ekipe ya mwisho inashuka daraja. NBA haina kushuka. Anayeshika mkia anapewa nafasi ya kuchagua mapema kati ya vijana wapya, ili wanyonge wapate nguvu. Nia ilikuwa njema tangu drafti ya kwanza, 1947. Lakini ukimlipa mtu kwa kuanguka, usishangae akianza kutafuta mahali pa kuangukia.

Kuanzia 1966, ekipe ya mwisho ya Mashariki na ile ya Magharibi zilirushiwa sarafu, na mshindi akachagua wa kwanza. Mwaka wa 1984 kila mtu alimtaka Hakeem Olajuwon, kijana wa Lagos. Houston ilikuwa chini, na ikazidi kuzama. Katika mechi moja ya mwisho wa msimu, mzee Elvin Hayes, mwenye miaka 38, aliachwa uwanjani dakika zote 53, muda wa nyongeza ukiwemo. Houston ikapigwa. Baadaye ikashinda sarafu, ikamchukua Olajuwon, na miaka kumi mbele ikabeba kombe mara mbili, 1994 na 1995. (Aliyechaguliwa wa tatu siku ile aliitwa Michael Jordan.)

Wakubwa wa NBA waliona aibu. Mwaka wa 1985 wakaleta tombola: ekipe saba zilizokosa mchujo, bahasha saba, bahati sawa kwa wote. Mwaka wa 1990 wakaongeza bahati ya wanyonge zaidi. Halafu 1993 Orlando, iliyoshinda mechi 41 na kupoteza 41, ikapata nafasi ya kwanza ikiwa na bahati moja tu kati ya 66. Wanyonge wakalalamika, na ekipe ya mwisho ikapewa asilimia 25. Kwa maoni yangu hapo ndipo dawa ya ugonjwa mmoja ilipourudisha ule wa kwanza.

Philadelphia ilifanya jambo hili mchana kweupe. Kati ya 2013 na 2016 ilishinda mechi 47 tu kati ya 246. Ilipata Joel Embiid wa Cameroon, aliyekaa misimu miwili ya kwanza bila kucheza kwa sababu ya mguu, kisha nafasi ya kwanza 2016 na tena 2017. Kombe halijaja. Fainali yao ya mwisho ni ya 2001, na aliyesimama chini ya kikapu chao alikuwa Dikembe Mutombo wa Kinshasa.

Mwaka wa 2019 ekipe tatu za mwisho zilipewa asilimia 14 kila moja. Mwaka mmoja kabla yake, mwenye ekipe ya Dallas alitozwa dola 600 000 kwa kusema hadharani kwamba aliwaambia wachezaji wake kupigwa ndiyo faida yao. Wengine hulifikiri jambo hilo na kunyamaza.

Lakini wanaopoteza mechi uwanjani siyo waliopanga. Mchezaji anapigania mkataba wake. Hana sababu ya kucheza vibaya ili aletewe kijana wa kumtoa. Kupigwa hupangwa ofisini, kwa kuuza wenye uzoefu na kubakiza watoto.

Ndivyo ilivyokuwa Charlotte, na mwenye ekipe alikuwa Michael Jordan yuleyule. Mwaka wa 2011 ilimwachia Stephen Jackson, mfungaji wake mkubwa, na katika biashara hiyo ikampata Bismack Biyombo wa Lubumbashi, aliyechaguliwa wa 7. Alikuwa na miaka 19 msimu ulipoanza. Msimu wenyewe ulifupishwa kuwa wa mechi 66 kwa sababu ya mgogoro wa mishahara. Charlotte ilishinda 7, ikapoteza 59, na 23 za mwisho zilifuatana. Katika historia ya NBA hakuna msimu mbaya kuliko huo kwa asilimia ya ushindi. Hakuna aliyekiri kwamba ilikuwa makusudi. Kijana wa Congo alikimbia usiku baada ya usiku, akijua ofisi inasubiri jina la mwingine: Anthony Davis.

Tarehe 30 Mei 2012 tombola ikachezwa. Charlotte ilikuwa na asilimia 25, kuliko wote. Davis akaenda New Orleans.

Biyombo aliendelea kufanya kazi. Mei 2016, akiwa Toronto, nusu fainali dhidi ya Cleveland ya LeBron James, alikamata mipira 26 iliyogonga kikapu ikarudi. Usiku huo Toronto ilishinda 99 kwa 84.