Vilemba Vyekundu vya Mpakani

Mtu akifungua tarikhi ya iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo Waingereza waliifupisha kwa herufi tatu, NFD, hakosi kukutana na majina ya mabwana wakubwa: Vincent Glenday, ambaye baadaye alipelekwa Unguja kuwa Balozi wa Kiingereza mbele ya Sultani, Gerald Reece, aliyekwenda kuwa gavana wa Somalia ya Waingereza, na Richard Turnbull, gavana wa mwisho wa Tanganyika. Wote watatu walisomea utawala katika mchanga ulioenea baina ya mto Tana na Moyale, na kila mmoja wao, popote alipopiga hema, alikuwa na mtu aliyemtangulia njiani na kukesha mlangoni pake, mtu ambaye vitabu havimtaji ila kwa cheo chake. Cheo hicho ni dubas.

Neno lenyewe ni la Kisomali, duub cas, maana yake kilemba chekundu, na halikuhitaji tafsiri kwa aliyemwona mwenyewe: shuka nyeupe mwilini, mkanda wa risasi kifuani, bunduki begani, na kile kilemba kinachoonekana kwa mbali kama ua jekundu katika ardhi isiyo na ua. Sheria ya mwaka 1929 iliyounda askari wa kikabila katika koloni la Kenya ndiyo iliyomweka dubas katika daftari la serikali. Hakuwa polisi wa mjini, wala hakuwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza. Alikuwa mtu wa Bwana Disii, yaani mkuu wa wilaya, na amri aliipokea kutoka kinywani mwake.

Ili kufahamu kwa nini mtu wa namna hiyo alitakiwa, yatupasa kuvuka bahari. Mwaka 1915, Vita Vikuu vikiwa vimepamba moto, Waitalia waliahidiwa katika mapatano ya siri ya London kwamba wakiingia vitani upande wa Uingereza na Ufaransa, watafidiwa ardhi katika Afrika iwapo wenzao watajiongezea makoloni ya Wajerumani. Deni hilo lililipwa kwa mali ya wengine. Mwaka 1925 Jubaland, pamoja na bandari ya Kismayu, ilitolewa mikononi mwa Waingereza ikatiwa mikononi mwa Waitalia, na mpaka uliokuwa ukifuata mto Juba ukasogezwa magharibi hata ukapita katikati ya malisho. Aliyelala usiku akiwa na kisima chake na ndugu zake upande mmoja aliamka akaambiwa kwamba ndugu zake sasa ni raia wa Roma. Ngamia, kwa kuwa hasomi ramani, aliendelea kufuata mvua.

Basi kazi ya kumzuia ngamia yule ilimwangukia dubas. Tangu sheria ya mwaka 1902 nchi ile ilikuwa imefungwa, haingiliki wala haitokeki ila kwa ruhusa. Na ndani yake wakoloni walikuwa wamechora, tangu mwaka 1909, mstari wa kuwatenga Wasomali na makabila kama Waborana, ambayo wao waliyaita Galla, jina ambalo wenyewe hawalipendi na ambalo nalitaja kwa sababu ya hati tu. Dubas ndiye aliyeusimamia mstari usioonekana. Ndiye aliyekagua nyayo penye mchanga akasema ni mifugo ya nani iliyopita, na siku ngapi zimepita. Ndiye aliyepeleka wito kwa wazee, akakaa visimani wakati wa kiangazi watu wasije wakauana kwa ajili ya zamu ya kunywesha, akarudi bomani na habari ya nani ameoa kwa nani na nani ana dia isiyolipwa. Bwana Disii alihamishwa kila baada ya muda, akaja mwingine asiyejua hata jina la kisima, dubas alibaki. Kwa hiyo ilikuwa desturi ya mambo, ingawa hakuna bwana aliyependa kuikiri, kwamba mtawala aliyaona mengi ya wilaya yake kwa macho ya mtumishi wake.

Hapa ndipo penye uchungu wa kisa chenyewe. Dubas hakuletwa kutoka mbali. Aliandikwa kutoka miongoni mwa wafugaji wale wale aliotumwa kuwatiisha. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya utawala wa wilaya maalumu, iliyoruhusu kabila zima kutozwa mifugo kwa kosa la mmoja wao. Tafakari hali ya mtu anayeamriwa kwenda kuhesabu ngamia wa adhabu, na katika zizi lile wamo ngamia wa mjomba wake! Ukimya wake mbele ya bwana waweza kuwa utiifu, nao waweza kuwa huruma, kwani mtu ajuaye nyayo zote aweza pia kuchagua zipi azione. Waingereza waliwasifu dubas kwa uaminifu. Mimi nauona uaminifu huo kuwa wa pande mbili, na pengine ndio uliozuia damu nyingi isimwagike.

Kisha mambo ya Ulaya yakarudi kugonga mlango. Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yaliingia Uhabeshi, Mei 1936 Addis Ababa ikaanguka, na wakimbizi, wakiwamo askari wa Eritrea waliotoroka jeshi la Waitalia, wakavuka mpaka kwa miguu hata wakawekwa kambini Isiolo. Julai 1940 Waingereza waliiacha Moyale usiku, na mpaka aliokuwa akiulinda dubas kwa bunduki moja na kiriba cha maji ukawa uwanja wa vita vya mataifa. Garissa, kijiji cha ukingoni mwa Tana, kikajaa malori na wanajeshi. Kutoka ukanda huo wa mto majeshi ya Jenerali Cunningham yalisonga mbele, yakaiteka Kismayu tarehe 14 Februari 1941, Mogadishu tarehe 25, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Jubaland iliyotolewa kama fidia ilirudi chini ya Waingereza baada ya miaka kumi na sita, pasipo mwenye malisho kuulizwa shauri mara zote mbili.

Mwaka 1958 askari wa kikabila walibadilishwa jina wakaitwa Polisi wa Utawala. Lakini nafasi ile ya kati, baina ya boma na zizi, ilibaki pale pale, na aliyeirithi kwa cheo kikubwa zaidi alikuwa Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo na mmoja wa Waafrika wa kwanza kupewa kiti hicho. Machi 1963 serikali ya London ilikwisha kutangaza kwamba eneo la Wasomali litakuwa jimbo la Kenya, na serikali ya Somalia mjini Mogadishu, iliyotaka eneo hilo liungane nayo, ikavunja uhusiano na Uingereza kwa hasira. Mwezi wa Juni Wabera alisafiri pamoja na Haji Galma Dido, chifu mkuu wa Waborana, kwenda kuzungumza na watu. Karibu na Modogashe, pale Isiolo inapopakana na Garissa, wote wawili waliuawa kwa risasi.

Wabera alipewa barabara jijini Nairobi, nayo hupitwa kila siku na maelfu ya watu waendao shughuli zao. Modogashe magari ya Garissa na ya Wajir husimama abiria wakanywa chai ya maziwa ya ngamia, na mzee akiulizwa habari za dubas huinua mkono akazungusha kidole kichwani mara mbili tatu, kama afungaye kilemba.