Jung alipoitazama nyika ya Athi

Mwanafunzi wa saikolojia katika chuo chochote cha Kenya hakwepi majina haya: Freud, Adler, Jung. Atasoma kwamba kwa Freud tabia ya mtu husukumwa na tamaa na hofu alizozizika moyoni tangu utotoni. Atasoma pia kwamba Carl Jung, daktari wa Uswisi aliyekuwa mshirika wake wa karibu, aliachana naye mwaka 1913, akishikilia kwamba chini ya hayo kuna tabaka jingine la nafsi, kongwe zaidi, ambalo binadamu wote wamelirithi. Jambo ambalo huenda asisimuliwe ni kwamba wazo moja kubwa la Jung, kwa maelezo yake mwenyewe, lilimjia kwenye nyika ya Athi, ile ile inayoanzia mlangoni pa Nairobi na kutambaa kusini hadi Kitengela na Kaputiei, kaunti ya Kajiado.

Alitua Mombasa Novemba 1925, akiwa na miaka 50. Alifuatana na daktari Mwingereza, Peter Baynes, na kijana Mmarekani, George Beckwith. Safari yao waliipa jina la kishindo, Msafara wa Kisaikolojia wa Bugishu, ingawa kazi yenyewe waliifanya zaidi upande wa Kenya wa Mlima Elgon. Walipanda gari moshi kwenda bara. Alfajiri Jung alichungulia dirishani, akaona mtu mwembamba juu ya jabali, ametulia tuli, ameegemea mkuki. Akahisi kama anarudi katika nchi aliyoijua tangu zamani za kale.

Kutoka Nairobi wakachukua Ford ndogo kwenda kutazama wanyama. Jung alipanda kilima kifupi, jina hakulitaja, akajitenga na wenzake hadi wakapotea machoni pake. Mbele yake, mpaka upeo wa macho, kulikuwa na swala, nyumbu, pundamilia na ngiri, wakila majani huku vichwa vikiinama na kuinuka, makundi yakisogea polepole. Hakusikia sauti ila ya ndege mmoja mwindaji. Akajiambia kwamba hivi ndivyo dunia ilivyokuwa tangu mwanzo, ipo lakini hakuna aliyejua kwamba ipo, mpaka dakika ile yeye alipoitazama na kuitambua. Hapo akapata jibu la swali la binadamu ana kazi gani duniani: ufahamu wake ndio unaokamilisha uumbaji. Bila jicho linalojua kwamba linaona, mambo yote haya yangepita kimya kimya kwa mamilioni ya miaka.

Ni wazo zito, na sioni haja ya kulibeza. Ila pale aliposema hapakuwa na mtu wa kuijua dunia ile kabla yake, inabidi tumkatize.

Nyika ile ilikuwa na wenyewe. Wamaasai wa Kaputiei walichunga humo vizazi na vizazi. Nyasi fupi wazipendazo nyumbu zilitokana kwa sehemu na ng'ombe wao na moto waliouwasha ili majani mapya yachipue, na kwa kuwa kwa desturi hawakula nyama ya porini, mifugo na wanyama wa porini walikula majani sako kwa bako. Jung alifika baada ya Wamaasai kupokonywa nchi kwa mikataba ya 1904 na 1911, wale wa Laikipia wakahamishiwa kusini kwa nguvu. Kesi waliyoifungua kupinga uhamisho huo, iliyobeba jina la Ole Njogo, ilitupwa mwaka 1913. Na kule Ngong waliishi iloibonok, ukoo mzima ambao kazi yake ni kusoma yaliyofichika, kwa vijiwe vya kibuyuni na kwa ndoto. Wataalamu wa fani yake Jung walikuwa mwendo mfupi tu kutoka kilimani pale!

Mganga wa namna hiyo alikutana naye baadaye, kule Elgon. Jung aliwauliza wazee ndoto zao, wakamwambia hawaoti. Mwishowe mganga huyo mzee, machozi yakimlengalenga, akamweleza kwamba zamani waganga waliota wakajua kama vita, maradhi au mvua vinakuja. Tangu wazungu wafike, ndoto zimekwisha. DC, mkuu wa wilaya, anajua kila kitu. Jung alisikitika, akaona hapo roho ya jamii imevunjika. Huenda. Lakini msafara wake ulikuwa na askari watatu wa serikali. Mgeni akija na bunduki kukuuliza uliota nini, utamfungulia moyo?

Jung mwenyewe, muda wote aliokaa Afrika, aliota mtu mweusi mmoja tu, naye si wa huku. Alikuwa kinyozi Mmarekani aliyewahi kumnyoa Chattanooga, Tennessee, na katika ndoto alimkaribia na chuma cha moto ili azisokote nywele zake ziwe kama za Mwafrika. Jung aliamka na hofu. Akaifasiri kuwa onyo: Afrika inataka kummeza. Ndiye huyo aliyefundisha kwamba mtu hupenda kumbandika mwenzake yale asiyotaka kuyaona moyoni mwake.

Fikra za aina hiyo kuhusu Mwafrika hazikubaki vitabuni. J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari, aliandika mwaka 1954 kitabu cha serikali juu ya saikolojia ya Mau Mau, akiyaeleza mapambano ya ardhi kana kwamba ni ugonjwa wa nafsi ya Mkikuyu. Sisemi alimfuata Jung; wote wawili walimtazama Mwafrika bila kumuuliza kwanza ana shamba au hana.

Suala la shamba ndilo limeibadili nyika yenyewe. Ranchi ya pamoja ya Kitengela ilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1980, viwanda vya EPZ vikafunguliwa Athi River, na kituo kidogo cha Noonkopir kikafura kuwa mji wa maghorofa na ploti zilizozungushiwa ua. Msafara wa nyumbu kati ya Mbuga ya Nairobi na nyika umekaribia kukatika. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge ua wala kuuza, wanyama wapate kupita. Jioni bado utaona swala wachache wakila pembeni mwa ukuta wa mawe, na mchungaji amesimama karibu nao, simu mkononi.