Tui la Kinoo, Si Tope

Orodha moja ya istilahi za ufundi iliyopita mikononi mwangu hivi karibuni imeamua kwamba yale majimaji mazito yanayojitokeza juu ya jiwe la kunolea likisuguliwa kwa maji yaitwe "tope la kunolea". Kwa heshima zote kwa waliokaa vikao na kulipwa posho, hilo ni jina la kitu cha kufutwa. Hiki hakifutwi. Ndicho kinachonoa.

Nenda Mfaranyaki, hapa Songea, usimame kwenye banda la seremala yeyote anayezijali patasi zake. Atalimwagia jiwe maji, atalisugua, na juu yake yatatanda majimaji ya kijivu yaliyobeba punje zilizobanduka. Patasi ikipita mara kadhaa, ukijivu unageuka weusi: hapo ni chuma kinalika. Nimemsikia fundi mmoja akimkemea kijana wake aliyekwisha kushika kitambaa: "Dogo, usifute hiyo, hiyo ndiyo inanoa." Hiyo! Fundi anacho kitu, jina hana, na sisi tunaojiita watu wa lugha tunampelekea tope.

Najua lilikotoka. Waingereza wanatumia neno lenye ukoo na matope mepesi, na mjumbe akalitafsiri neno bila kulitazama jiwe. Wajapani husema togijiru, yaani mchuzi wa kunolea. Mbona wao hawakwenda shambani?

Maana tope ni la shambani hasa. Wembe na jembe ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kibantu, gembe, na humo humo kimezaliwa kijembe, ambacho msomaji ataniwia radhi nikikirusha leo. Katika kugawana urithi, matope yalimwangukia jembe; wembe haukupata hata chembe, wala haukudai. Mwenzangu mmoja, mtu wa kuheshimika, alikuja na "noleo", akijenga hoja kwamba linatokana na kunoa. Linatokana kweli, ila lina mwenyewe: ni ile pete ya chuma inayobana mpini pale kisu kinapoingilia. Angefungua kamusi asingelipora.

Mimi nasema tui la kinoo. Kinoo hakina mgogoro, ndilo jiwe la kunolea tangu zamani. Tui nalo halikutwi limekaa juu ya nazi. Hutolewa ndani yake kwa kukuna na kukamua, kama jiwe linavyotoa lake kwa kusuguliwa. Zaidi ya hapo, neno hili haliji peke yake. Lile zito la kwanza, kabla ya kuongezwa maji, tayari lina jina: kasimile. Kulipunguza ukali kwa maji ni kuzimua. Makapi meusi yanayobaki pembezoni mwa jiwe yaite chicha, hakuna atakayekushangaa. Waliotuletea tope walituletea na nini kingine?

Kwa wembe wa kinyozi, ule wa kukunja, kuzimua ndiyo kazi yenyewe: anza na kasimile, dondoshea maji kidogo kidogo, malizia kwa maji matupu, kisha pitisha kwenye ngozi. Unazimua kwa sababu punje zikiwa nyingi mno huyagonga makali yenyewe na kuyatia ubutu. Na punje zenyewe si ngeni kwetu: jiwe la manjano la Vielsalm, Ubelgiji, linanoa kwa punje za ganeti, jamii ya vito wanavyochimba Tunduru, mkoani kwetu hapa.

Nilipowasilisha pendekezo langu nilijibiwa, kwa maandishi, kwamba tui ni la jikoni na Songea hakuna minazi. Nazi zinatufikia kutoka pwani kwa barabara ya Masasi na Tunduru, na sijamwona mama sokoni akihitaji mkalimani ili auziwe. Ama jikoni, unga wa mbao ulitoka wapi? Fundi mwashi naye anapiga niru kwenye sakafu, majimaji mazito ya saruji, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba anapiga tope. Walimwacha na neno lake kwa sababu hawakuwahi kumfikiria. Ni bahati yake.

Vinyozi wetu wengi sasa ni watu wa mashine na nyembe za kutupa, hasa baada ya hofu ya UKIMWI, kwa hiyo wembe wa kukunja umebaki kwa wachache. Patasi, randa na visu vya bucha bado vipo, na vyote vinapita kwenye jiwe hilo hilo.

Wahariri, ninawaomba msinibadilishie neno kama mlivyofanya mara iliyopita. Nawe msomaji, ukipita Mfaranyaki mtajie seremala tui la kinoo, uone kama atakuuliza maana yake.