La Botte na Muhumba: upande wa Bukavu unaolala ndani ya ziwa

Mtu anayetoka Goma kwa boti anaiona La Botte kabla ya kugusa udongo wa Bukavu. Ni kipande cha kilima kinachoingia ndani ya ziwa Kivu, kimejaa miti na manyumba ya zamani yenye kushuka mpaka kwenye maji. Wazungu waliiita hivyo juu ya umbo lake: ukiitazama kwenye ramani, iko sawa na kiatu kirefu, kile cha kufika karibu na goti. Muhumba na Nguba ziko pembeni, nazo ni vipande vya nchi kavu vilivyozungukwa na maji. Ndiyo sababu wazee wanasema Bukavu ni mkono wenye vidole vyake vimeloa ziwani.

Hii yote ni komini ya Ibanda. Wakati wa wakoloni, muji uliitwa Costermansville, jina la mkubwa mmoja wa Kibelgiji, na Ibanda ilikuwa ya Wazungu. Watu weusi walipangiwa kukaa Kadutu na Bagira. Walikuja Ibanda asubuhi kwa kazi, jioni wakapanda tena kwao. Leo hakuna sheria inayokataza mtu kupita, lakini bei ya parseli inafanya kazi ile ile. Mwenye kukodi nyumba La Botte analipa kwa dolari, na mara nyingi ni mchuuzi mwenye nguvu ao shirika.

Anayetaka kutembea, heri aanzie Nyawera na aende kwa miguu. Motari atamfikisha haraka, ila hataona kitu. Nyawera yenyewe iko na historia nzito: ni hapo Askofu mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996, wakati vita ilikuwa inaingia muji. Kaburi lake liko kwenye katedrali Notre-Dame de la Paix, na hata leo kuko watu wanaosimama pale kuomba kabla ya kuendelea na safari yao. Ndani ya Ibanda kuko pia Koleji Alfajiri, masomo ya Wayezuiti iliyoanza mwaka 1938 kwa jina la Notre-Dame de la Victoire. Ni jengo kubwa ambalo mtu analitambua toka mbali, na wengi waliokuja kuwa wakubwa katika inchi walipitia mule.

Muhumba, mapadri Waksaveri wako na musée ndogo ya vitu vya mababu: masks, viti, vyombo vya mila, na vingi ni vya Walega. Watoto wengi wa Bukavu hawajawahi kuingia mule, na hiyo ni hasara. Mwalimu anayeleta darasa lake pale atakuwa amewafundisha zaidi kuliko wiki nzima ya kuandika ubaoni.

Kisha avenyu Patrice-Lumumba. Zamani ilikuwa Avenue Royale. Inapita juu ya mgongo wa kilima, na pembeni bado kuko majengo yenye kona za mviringo na balkoni ndefu, namna walivyopenda kujenga miaka ya 1930 na 1940. Mengine yamepasuka. Mengine yamefunikwa na etaji mpya za vioo. Hôtel Orchids imetunza bustani yake, na anayeweza kununua soda moja anaweza kukaa hapo na kutazama maji mpaka jua lishuke. Bei si ya kila mtu, basi aulize kwanza.

Sasa tufike kwenye ziwa lenyewe, maana bila ziwa hakuna La Botte. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka maziwa kati ya mali ya umma. Lakini jaribu kushuka mpaka chini: utakuta ukuta, kibati, mlinzi, mbwa. Njia ndogo ambazo wamama walipitia na mabidoni yao siku robine ikikauka zinazidi kufungwa, parseli moja baada ya ingine. Kuko wanaomwaga mawe na udongo majini ili kujiongezea kiwanja. Mtu wa Kadutu anaona ziwa kila siku toka juu ya kilima chake, lakini kunawa mikono ndani yake kunamuomba atafute mwenye kumfungulia mlango.

Na uchafu haujui ukuta. Mvua ikinyesha, mto Kahwa unateremsha chupa na masashe mpaka ziwani, mbele ya manyumba mazuri kama vile mbele ya mengine. Maji yakisukuma, vinaelekea Ruzizi, na pale kwenye barrage ya Ruzizi I, iliyojengwa mwisho wa miaka ya 1950, plastiki inaziba mashine. Ndipo umeme unakatika, La Botte na Kadutu pamoja.

Saa nzuri ya kutembelea ni jioni, kuanzia saa kumi na moja. Usipige foto ya nyumba yenye askari mlangoni. Wengi walinyang'anywa simu juu ya hiyo. Giza likianza, wavuvi wa sambaza wanatoka na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiimba ili wapige kasia pamoja. Sambaza si samaki wa asili wa hapa: aliletwa toka Tanganyika mwaka 1959, akazaana. Baadaye taa zinawaka juu ya maji, mstari mzima, na hata aliyesimama nje ya kibati anaziona.