Kutoka "Tell" hadi "Opine": Historia na Mamlaka ya Vitenzi vya Kutoa Rai katika Kiingereza

Wanafunzi wa historia ya Kiingereza hufundishwa mapema kwamba msamiati wa lugha hiyo una matabaka: maneno ya asili ya Kijerumaniki ni ya nyumbani na shambani, ilhali yale yaliyotoka Kifaransa na Kilatini ni ya mahakama, kanisa na dola. Vitenzi vya kutoa rai kwa sauti huonekana kuithibitisha kanuni hiyo. Mtu wa kawaida hutumia "say". Jaji hutumia "pronounce". Serikali hutumia "declare". Makala haya yanadai kwamba kanuni hiyo hueleza chimbuko la vitenzi hivyo, lakini haielezi mamlaka yake. Mamlaka ya kitenzi cha usemi hutokana na shughuli ya kijamii iliyokitumia.

Kabla ya uvamizi wa Wanormani mwaka 1066, vitenzi vya asili vilibeba kazi zote. "Cweþan", kitenzi cha kawaida cha kusema katika Kiingereza cha Kale, kimesalia leo katika "quoth", umbo lililokwisha kuchakaa, na katika "bequeath", yaani kurithisha kwa wosia. "Deman", chimbuko la "deem", kilimaanisha kuhukumu. "Tellan" kilimaanisha kuhesabu na pia kusimulia. Ndiyo maana mpokea fedha wa benki na mhesabu kura wa Bunge la Uingereza wote huitwa "teller". Wosia, hukumu na hesabu si mambo ya jikoni.

Utawala wa Wanormani ulileta Kifaransa mahakamani, na pamoja nacho vitenzi kama "argue", "declare" na "pronounce". Mwaka 1362 ilipitishwa sheria iliyotaka mashauri yaendeshwe kwa Kiingereza na kumbukumbu ziandikwe kwa Kilatini. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Mabadiliko yalikwenda polepole, na wanasheria walipohamia Kiingereza walihama na istilahi zao. Vitenzi hivyo vilipata uzito kwa kuwa vilikuwa zana za kazi mahakamani.

Ushahidi wa kinyume unapatikana bungeni. "Parliament" ni neno la Kifaransa, kutokana na kitenzi cha kuzungumza. Sir Thomas Hungerford, aliyehudumu mwaka 1377, huhesabiwa kuwa wa kwanza kutajwa rasmi katika wadhifa wa kusema kwa niaba ya wawakilishi wa raia mbele ya mfalme. Cheo kilichodumu kwa kazi hiyo ni "Speaker", kutokana na "speak", kitenzi cha asili. Kwa upande mwingine, "opine" kilitoka Kilatini, lakini hakikupata taasisi ya kukitegemeza. Leo mara nyingi hubeba kejeli kidogo kwa msemaji.

Suala hili lina athari kwa mfasiri wa Kiswahili. "Utter", kitenzi chenye uhusiano na "out", hufasiriwa kwa kawaida kuwa "tamka". Hata hivyo, zamani kilimaanisha pia kutoa bidhaa sokoni, na maana hiyo ya kutoa imehifadhiwa katika sheria ya jinai, ambapo "uttering" ni kutoa au kutumia hati ya kughushi. Sheria za adhabu za Kenya na Tanzania zimeirithi istilahi hiyo. Anayeandika "kutamka hati ya uongo" amefuata kamusi, lakini amempotosha mshtakiwa kuhusu kosa analotuhumiwa.

Kiswahili nacho kina matabaka yanayofanana na hayo. "Sema" na "nena" ni vya Kibantu. "Dai", "kiri" na "hutubu" vina asili ya Kiarabu na vimeshikamana na shauri, ungamo na mimbari. Mtafiti asikimbilie kuvipanga kwa daraja kwa kutazama asili pekee. Uingereza iliita taasisi yake kwa neno la Kifaransa na msemaji wake kwa neno la nyumbani. Tanzania na Kenya zina "Bunge", neno lisilotokana na Kiingereza, linaloongozwa na "Spika". Katika hali zote mbili, heshima ya neno imetoka katika kiti chenyewe. Kamusi zetu za kihistoria zitakuwa na manufaa zaidi zikionyesha, kando ya asili ya kila kitenzi cha usemi, ni nani aliyekitumia, wapi, na kwa kazi gani.