Bustani ya mboga ya nyumbani katika uwanda wa Ufipa

Bustani ya mboga ya nyumbani Ufipa ni kipande cha ardhi kando ya nyumba, au bondeni karibu na kijito, kinacholimwa mboga za majani, nyanya, vitunguu na karoti kwa ajili ya familia, ziada ikiuzwa sokoni. Uwanda wenyewe uko kusini magharibi mwa Tanzania, umeinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa ulioanzishwa mwaka 1974, iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kwa sababu ya mwinuko huo kabichi na karoti hustawi hapa vizuri, ilhali ufukweni Kasanga au Kirando joto huzisumbua.

Majira

Ufipa ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba na kukoma Aprili. Baada yake huja baridi, kali zaidi mwezi Juni na Julai, pamoja na upepo unaovuma bila kizuizi kwa kuwa sehemu kubwa ya uwanda ni nyasi zisizo na miti. Kuanzia katikati ya Agosti usiku huanza kupata uvuguvugu, na ifikapo Oktoba jua huwa kali. Kipindi hiki, baridi ikiwa imeondoka na mvua haijafika, ndicho kinachokaribia kile ambacho watu wa Ulaya hukiita majira ya kuchipua.

Hata hivyo, maelekezo ya pakiti ya mbegu iliyochapwa Ulaya hayafai kufuatwa hapa. Machi, mwezi wa kupanda huko, Ufipa ni mwezi wa matope. Kuhamishia hesabu hiyo Septemba nako hakutoshi, maana majira ya kuchipua ya Ulaya hukuta ardhi ina unyevu na siku zinarefuka haraka. Ufipa, nyuzi 8 hivi kusini mwa ikweta, tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki saa moja, na ifikapo Septemba ardhi imekaa miezi mitano bila mvua. Kinachoamua lini mbegu iingie kitaluni ni ubaridi wa usiku na maji yaliyopo.

Kitunguu kinaonyesha jambo hili waziwazi. Aina za Ulaya ya kaskazini husubiri siku yenye saa 14 au zaidi za mwanga ndipo ziweke kitunguu. Hapa zitatoa majani tu, hata zikilishwa samadi namna gani. Mkulima wa Ufipa anahitaji aina za siku fupi, kama Red Bombay au Red Creole, ambazo maduka ya pembejeo huwa nazo. Kwa mbegu yoyote ya dukani, nembo ya TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu, ni ya kutazamwa kabla ya kulipa.

Kabichi, figiri, chainizi, sukuma wiki, vitunguu na karoti huvumilia baridi, hivyo huanza Mei na Juni. Nyanya haivumilii. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 12 za sentigredi mche hudumaa na majani hugeuka rangi ya zambarau, kwa sababu mizizi iliyopoa hushindwa kuchukua fosforasi. Kitalu cha nyanya kinafaa kungoja Agosti. Miche huhamishwa baada ya wiki nne hadi sita, ikipewa nafasi ya sentimita 60 hivi kati ya shina na shina. Aina ya Tengeru 97, iliyotolewa mwaka 1997 baada ya utafiti uliofanyika Tengeru, Arusha, bado inastahili nafasi kwenye bustani ndogo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asingoje Novemba amwagiliwe na mbingu. Jibu ni bakajani chelewa, ugonjwa unaopenda ubaridi na majani yaliyolowa, yaani hali ya Ufipa yenyewe wakati wa mvua. Ndio ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Nyanya ya kiangazi huuepuka kwa kiasi kikubwa bila dawa, mradi maji yamwagwe shinani na si juu ya majani.

Udongo

Udongo wa uwanda huu kwa sehemu kubwa ni mzee, uliochujwa na mvua za karne nyingi, wenye tindikali na upungufu wa fosforasi. Wafipa walilijibu tatizo hilo kwa ustadi unaopaswa kutajwa kila inapotajwa historia ya kilimo Afrika Mashariki. Jirani zao Wabemba wa kaskazini mwa Zambia walikuwa na miti: walikata matawi, wakayarundika na kuyachoma, wakapanda kwenye majivu. Ufipa kulikuwa na nyasi, na Wafipa wakazifukia. Mvua zikielekea ukingoni, nyasi zikiwa ndefu na ardhi ikiwa bado laini, hukwatuliwa kwa jembe, hukusanywa kwenye mafungu na kufunikwa kwa udongo wa juu, likatokea tuta la duara liitwalo intumba. Ndani yake nyasi huoza taratibu. Maharage hupandwa juu ya tuta lenyewe. Msimu unaofuata tuta huvunjwa, udongo uliorutubika husambazwa, na ulezi au mahindi huchukua nafasi. Mwanaanthropolojia wa Uingereza Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, aliona kilimo hiki cha matuta kuwa nguzo ya maisha ya Wafipa.

Maarifa haya yamebaki zaidi shambani, nayo yanastahili kuletwa hadi nyuma ya jiko. Matuta mawili matatu yakitengenezwa pembeni mwa kiwanja mwezi Machi, ifikapo Agosti nyasi zimelainika na ziko tayari kuchanganywa na udongo wa bustani, wakati huo huo maharage yakiwa yameshaliwa. Nyasi hizo hizo zikiachwa hadi Julai mara nyingi huishia kwenye moto wa kiangazi, na nitrojeni yake hupotea hewani. Wenye ng'ombe huongeza samadi iliyooza, debe moja kwa mita mbili za mraba. Karoti isipewe samadi mbichi, kwani hugawanyika mizizi.

Maji na matuta

Bustani inayokua vizuri mwezi Septemba hunywa kama lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tuta la mita moja kwa tano kwa hiyo linataka lita 25, zaidi kidogo ya ndoo kubwa moja, na kwa kawaida kichwa kinachobeba ndoo hiyo ni cha mama au binti wa nyumba. Ukubwa wa bustani upangwe kwa kuhesabu ndoo, si kwa kuangalia ardhi iliyobaki wazi. Kiangazi matuta huwa majosho, yaliyozama kidogo kuliko njia ili maji yasitoroke, na matandazo ya nyasi kavu huzuia upepo kuyakausha. Ua wa mabua ya mahindi upande wa kusini mashariki huleta nafuu kubwa. Mjini Sumbawanga, penye viwanja vidogo, kiroba kilichojazwa udongo na samadi hutosha sukuma wiki na chainizi.

Mabondeni maji yako karibu, ila Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Mboga na lishe

Rukwa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, ilihesabiwa tangu zamani kuwa ghala la mahindi la taifa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Ule wa 2022 ulikuta karibu asilimia 50. Maradhi, maji yasiyo salama na mzigo wa kazi wa kina mama vina sehemu yake, lakini sahani ya ugali isiyo na mboga wala kitoweo cha maana nayo imo. Wakati wa mvua majani ya maboga na ya maharage hupatikana shambani bila gharama. Yanapokauka, Agosti hadi Oktoba, ndipo tuta moja la mchicha, mnavu au figiri linapoleta tofauti kwa mtoto aliyeanza kula.

Wadudu

Sota hukata miche usiku. Hufukuliwa asubuhi karibu na shina lililoanguka. Vidukari huvamia kabichi wakati wa ukame. Adui mpya ni kantangaze, nondo wa asili ya Amerika Kusini aliyeingia Tanzania mwaka 2014, ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya na wamezoea dawa nyingi. Mvua za kwanza za Novemba zinapofika, mashina yote ya nyanya yaliyokwisha kuvunwa hung'olewa na kufukiwa kwa kina ili kukata uzazi wake, majosho hujazwa na kuinuliwa yasituamishe maji, na mbegu za maharage na maboga huingia ardhini.